Mchezo Uliomfanya Mama Aseme

Mwenyekiti wa kikundi hiki aliponiomba nizungumze, nilimwonya kwamba mimi huchelewa kusema amina. Akasema nieleze tu yaliyotokea. Basi, ndugu zangu mliofiwa kama mimi, nayaeleza.

Baba alirudi jioni kutoka kuchuma kahawa akisema kifua kinambana. Mimi nilikuwa mjini Nyeri kutafuta kazi. Alipelekwa hospitali kesho yake asubuhi, na hakutoka hai.

Chuoni nilifundishwa kwamba kila kitu kina sababu, kwa hiyo niliuliza. Nilimuuliza daktari, nikamuuliza mchungaji, nikawauliza wajomba zangu wakinywa chai ya matanga: nani aliamua asubiri mpaka asubuhi? Kila mmoja alinituma kwa mwingine. Mama alikuwa akipitisha vikombe, amenyamaza. Nilidhani wote wananificha.

Nilipochoka kuuliza, nikahamia kwenye simu. Kuna mchezo ambapo unapanga mbao na mawe ili mpira uvuke bonde na kuingia kikapuni. Ukikosea uzito, daraja linavunjika vilevile kama lingevunjika kweli. Unabonyeza mshale, kila kitu kinarudi mahali pake, unajaribu tena. Nawaambia, niliishi humo. Mama alikamua ng'ombe na kubeba maziwa hadi barabarani peke yake, na mimi kijana mzima niko kwenye kiti. Niliitwa mjini Kutus kwa mahojiano ya kazi, sikwenda.

Alasiri moja ya mvua Mama alinikuta hapo na sahani ya ndizi ambayo sikuigusa.

"Ati ni nini hiyo inakushinda hata kula?"

Nikamwonyesha. Akataka kujaribu. Akaweka jiwe kubwa katikati ya daraja na mbao zote zikaporomoka.

"Hii imejengwa na mheshimiwa mbunge wetu," akasema. Tulicheka, mara ya kwanza tangu mazishi. "Na sasa?"

"Bonyeza hapo, itarudi."

Akabonyeza. Mbao zikasimama. Akaziangusha, akabonyeza tena, na tena, bila hata kuutazama mpira. Kisha akaniwekea simu mapajani.

"Ni mimi nilimwambia alale kwanza," akasema. "Nilidhani ni uchovu. Kila siku nabonyeza hapo, kijana yangu. Hairudi."

Ndugu zangu, lile swali nililowauliza watu wote, nilikuwa nikimpiga nalo mama yangu. Na mimi pia nilikuwa nikibonyeza palepale: laiti ningekuwa nyumbani, laiti ningepiga simu. Nikamwambia ukweli niliokuwa nao, kwamba ningekuwepo usiku ule, na digrii yangu, hata mimi ningemwambia alale. Akalia. Nikalia naye mpaka ng'ombe wakaanza kudai chakula.

Sikupona siku hiyo. Lakini kesho yake maziwa niliyabeba mimi, na Alhamisi iliyofuata tukaja hapa pamoja.

Nawashukuru. Nilipouliza Mungu alikuwa wapi, hamkunihubiria, mlinisogezea kiti. Namshukuru mama mmoja hapa aliyenijibu kwamba na yeye hajui, akaendelea kuja.

Kama ninacho cha kuwaachia, ni hiki. Bado nauliza kila kitu, na sitaacha. Ila siku hizi, kabla sijauliza nani alikosea, hutazama kwanza ni nani ameketi chumbani amenyamaza. Huyo namuuliza tu kama amelala vizuri.