Dada Pazia na Dirisha la Mama Yake

Nusu ya watu waliofika hapa leo hawamjui marehemu kwa jina alilopewa na wazazi wake. Wanamjua kama Dada Pazia, jina alilopewa na watoto wa mtaani bila kikao wala ruhusa ya mtu. Familia imekubali liandikwe hivyo kwenye ratiba, kwa sababu hata yeye mwenyewe aliliitikia haraka kuliko lile jingine. Wasifu huu umeandikwa na mama yake mdogo, ambaye mnamjua kwa kupenda kuongea, kwa hiyo mwenye haraka avumilie kidogo.

Marehemu alizaliwa Jumapili, tarehe 17 Mei 1998, akiwa mtoto wa pili wa dereva wa lori na fundi cherehani. Mama yake alitoka moja kwa moja kwenye gauni la bibi harusi alilokuwa akilishona, akaingia chumba cha kujifungulia na tepu ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Mtoto alikulia kwenye nyumba ya vyumba vitatu iliyo kando ya njia ya kwenda jalalani, chini ya meza ya cherehani, akichezea vifungo. Kimoja alikimeza. Kilisubiriwa, kikatoka, kikaoshwa, kikarudishwa kwenye koti la mteja. Mwenye koti yupo hapa leo na tunamwomba radhi.

Alianza shule ya msingi mwaka 2005, akishikwa mkono na kaka yake, ambaye alimbebea mkoba na kumfanyia hesabu zote, ndiyo maana hesabu zilimpiga chenga mpaka darasa la tano. Mwaka uliofuata kaka huyo aliumwa mkononi na mbwa, karibu na jalala. Mama alikikagua kidonda, akaona ni kidogo, akakifunga vizuri kwa kitambaa safi, na kikapona. Wiki kadhaa baadaye mtoto alianza kuogopa maji. Hospitali wakasema ni kichaa cha mbwa, na kwamba ugonjwa huo ukishafika pale hauna tena dawa. Alifariki akiwa na miaka kumi na mmoja.

Mwezi huo huo mama alishona mapazia mawili mazito ya kijani, akayatundika kwenye dirisha linalotazama njia ya jalalani, akayafunga. Hayakufunguliwa tena. Cherehani ilibaki pale pale chini ya dirisha, na kuanzia siku hiyo fundi alishona kwa taa hata adhuhuri. Mbwa akibweka nje, aliongeza kasi ya kukanyaga. Marehemu alikua na sauti hiyo, na ndani ya nyumba hiyo jambo la kaka yake halikuzungumzwa, si kwa ubaya, bali kwa sababu kila mmoja alimhurumia mwenzake.

Alimaliza sekondari mwaka 2017, na mwaka uliofuata akapata nafasi ya chuo kikuu. Alipotaja kwamba anakwenda kusomea tiba ya wanyama, mama yake aliweka mkasi chini.

"Chuo kizima hicho hakina kozi nyingine?"

"Zipo, mama. Mimi nimechagua hii."

Baba yake alipigiwa simu akiwa safarini. Alisema, "Mwacheni mtoto asome," akakata kabla hajajibiwa, kama mnavyomjua. Mama hakumzuia. Alimshonea koti jeupe la maabara, akalipiga pasi mpaka likasimama lenyewe, lakini katika miaka yote ya chuo hakuwahi kumuuliza amesoma nini leo.

Akiwa mwaka wa tatu, marehemu alianzisha kazi ambayo imewaleta wengi wenu hapa. Hakutumwa na mwalimu. Walikuwa wanafunzi watatu kwenye meza moja ya kantini. Mmoja alisomea uuguzi, na marehemu alimwita Nesi kabla hata hajafuzu. Mwingine alisomea mambo ya mazingira, na kwa kuwa mazungumzo yake yote yalianza na kuishia kwenye takataka, akabatizwa Bwana Taka. Nesi alikuwa amewaona wodini watu walioumwa na mbwa. Marehemu aliwajua mbwa. Bwana Taka alijua kwa nini mbwa wamejazana jalalani: machinjio yalikuwa yakimwaga pale mabaki ya nyama kila asubuhi. Walibishana sana tatizo hili ni la idara ya nani, sauti zikapanda, wakafukuzwa kantini, na huko nje ndipo walipokubaliana kwamba ni tatizo moja na watalishika watatu kwa pamoja. Wakakusanya wenzao, wakajiita Kundi la Jumamosi.

Jumamosi yao ya kwanza ilikuwa tarehe 13 Machi 2021. Walikuwa wamebandika matangazo mtaa mzima: "Chanjo bure, uwanjani, wote mnakaribishwa." Waliandika kila kitu isipokuwa neno mbwa. Asubuhi uwanja ulijaa akina mama wenye watoto wachanga mgongoni, wengine wametoka mbali, na mbwa wawili tu, ambao hata hao walikuwa wapita njia. Marehemu alisimama mbele ya umati ule na sindano zake za mbwa, hana pa kujificha. Nesi ndiye aliyewaokoa. Aliomba beseni, maji na kipande cha sabuni, akawaambia akina mama kwamba kwa kuwa wameshafika, wasiondoke mikono mitupu. Akawaonyesha jambo moja: mtu akiumwa na mbwa, kabla ya kufunga kidonda, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, osha kwa muda mrefu, kisha kimbia hospitali ukachomwe sindano, hata kama kidonda ni kidogo. Tangu siku hiyo hawakuchanja mbwa bila kufundisha kuosha, na hawakufundisha kuosha bila Bwana Taka kusimama na kuongea habari za jalala mpaka avutwe shati.

Mara ya pili mbwa waliletwa kweli, tena kwa wingi, ikawa vurugu. Mbwa mmoja mwekundu alichanjwa, akazunguka uwanja, akaletwa tena na mtu mwingine. Ikabidi kila aliyechanjwa atiwe alama shingoni, na kundi halikuwa na kitu. Marehemu alikimbia nyumbani na kurudi na kitambaa cha kijani, akakichana tepe tepe. Jioni mtaa wote ulikuwa na mbwa waliovaa kijani, na kwenye dirisha la fundi pazia la kushoto halikuwepo.

Mama yake alikuwa ameliteremsha kulifua, likawa limekunjwa juu ya gunia la vitambaa vya kutupa. Marehemu aliapa kwamba alidhani nalo ni la kutupwa. Sisi wengine tulivunjika mbavu, watoto wa mtaani wakapata jina la kumwita, na mama yake akamnyima maneno hadi Jumamosi iliyofuata. Jambo la ajabu ni kwamba hakushona jingine. Fundi mzima, nyumba imejaa vitambaa, aliacha dirisha nusu wazi, na familia tukajitia hamnazo.

Kuanzia hapo kulikuwa na jambo moja ambalo marehemu alilitaka kuliko shahada: mama yake atoke, aje uwanjani, hata mara moja. Kila Jumamosi alipita dirishani na koti lake jeupe.

"Mama, leo tupo hapo karibu tu. Njoo hata dakika tano."

"Nina nguo za watu."

"Zitakungoja."

"Wenyewe hawataningoja. Nenda, jua linapanda."

Tulidhani ni hasira yake juu ya mbwa. Mama yake ameruhusu lisemwe hadharani leo kwamba haikuwa hivyo. Kupitia nusu ile ya dirisha alikuwa amesikia Nesi akifundisha njiani, na neno lile la kuosha kabla ya kufunga lilimwingia kama pini. Hakuweza kwenda kusimama mahali ambapo angesikia tena, mbele za watu, kile ambacho kingemponya mwanawe.

Marehemu alihitimu Novemba 2023 na kuajiriwa katika ofisi ya mifugo. Aliwakabidhi uongozi wa kundi wanafunzi waliomfuata, ingawa alikabidhi kama mtu anayetoa ufunguo huku bado ameshika mlango. Wakati huo machinjio yalikuwa yameshakubali kuchimba mashimo yenye mifuniko, baada ya Bwana Taka kuwachosha, na njia ya jalalani ilipitika hata kwa watoto.

Tarehe 20 Aprili 2024 alifunga ndoa na huyo huyo Bwana Taka. Alipoulizwa alimpendea nini, alijibu kwamba ndiye mwanamume pekee aliyemletea zawadi ya pipa la taka, tena lenye mfuniko. Gauni alishonewa na mama yake. Ndani ya upindo, pasipoonekana, kulishonwa utepe mmoja wa kijani.

Mwezi Septemba mwaka huo alianza kukosa pumzi akipanda ngazi za ofisi. Vipimo vilionyesha kwamba mlango mmoja wa moyo haufungi sawasawa, na kwamba tatizo ni la muda mrefu. Aliwacheka madaktari. "Nyumba yetu bwana! Dirisha halifunguki, mlango haufungi." Mume wake aliacha kuongea habari za taka, na hapo ndipo tulipojua hali ni nzito. Januari alilazwa, akipangiwa upasuaji pindi atakapopata nguvu. Mama yake alihamia kando ya kitanda na kazi yake ya mkono, akashonea pale vifungo vya wagonjwa wodi nzima.

Siku moja, mwisho wa mwezi huo, mama alimuuliza bila kuinua macho.

"Hivi wewe, lile pazia. Kweli ulidhani ni kitambaa cha kutupa?"

Marehemu alitabasamu. "Mama, mimi mtoto wa fundi. Nisijue upindo?"

"Sasa kwa nini?"

"Ulikuwa umekaa na taa mchana. Nilitaka utuone."

Mama alimaliza kushona kifungo, akakata uzi. "Mimi kile kidonda cha kaka yako nilikifunga. Sikukiosha."

"Hukuambiwa, mama. Hakuna aliyekwambia. Ndiyo maana tunazunguka."

Jumamosi, tarehe 1 Februari 2025, mama aliaga wodini kwamba anafuata shuka safi. Alifika nyumbani, akapanda kiti, akateremsha pazia la kulia. Alilikata kwa mkasi wake wa kazi, tepe zote sawa sawa, akazitia kwenye mfuko na kwenda uwanjani. Wanafunzi hawakumjua. Nesi, ambaye sasa ni muuguzi kamili, alimwona katikati ya somo amesimama nyuma ya watu. Kisha akauliza, kama anavyouliza kila mara, nani aje kuonyesha namna ya kuosha. Mama alijikaza kisabuni, akatoka mbele.

Alikunja mikono ya gauni. Aliushika mkono wa Nesi, akaupaka sabuni, akaanza kuosha chini ya maji ya jagi. Jagi likaisha, likaletwa la pili, na la tatu.

"Mama, inatosha," Nesi alimwambia kwa upole.

"Bado."

Aliosha mpaka aliporidhika, na uwanja mzima ulimngoja. Halafu alikwenda kwenye mstari wa mbwa, akawafunga tepe mmoja mmoja.

Alirudi wodini jioni bila shuka. Marehemu alikuwa amelala akitazama ukuta. Aligeuka, akavuta pumzi kwa shida, akavuta tena.

"Mama," alisema, "unanuka mbwa."

Akacheka mpaka muuguzi wa zamu akaja mbio kuangalia kulikoni, akawakuta wameshikana, wote wanacheka na wote wanalia. Usiku huo mama alimsimulia kila mbwa, rangi na tabia, na marehemu aliwataja wenye mbwa mmoja baada ya mwingine. Nguvu za upasuaji hazikuja. Alifariki alfajiri ya Alhamisi, tarehe 6 Februari 2025, mkono mmoja kwa mumewe na mwingine kwa mama yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi, majirani, ofisi ya mifugo, na wanafunzi waliobeba maji na viti tangu juzi bila kuombwa. Wametuomba tuwatangazie kwamba Jumamosi ijayo chanjo iko pale pale, na safari hii neno mbwa limeandikwa. Tepe zitatoka kwa mama yake, ambaye amesema nguo za watu zitangoja.

Marehemu ameacha baba, mama, mume, mama mdogo, Nesi ambaye ni ndugu kwa kila hesabu, Kundi la Jumamosi, na mbwa wa mtaa mzima waliovaa kijani, baadhi yao mmewaona getini na tunaomba wasifukuzwe.

Dada Pazia, dirisha sasa liko wazi pande zote mbili, na mama yako anatuona. Lala kwa amani, mwanetu.