Kifundo Kilichowekwa Droo ya Mamba

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Brashi, maana hakukosa brashi mfukoni hata siku ya harusi yake.

Kaka alizaliwa tarehe 9 Mei 1954, mtoto wa tatu kati ya sita, akaanza shule ya msingi mwaka 1962, akamaliza sekondari 1973, na tarehe 1 Februari 1975 akaajiriwa jumba la makumbusho kusafisha visukuku, yaani mifupa iliyogeuka mawe. Tarehe 17 Agosti 1980 alimwoa shemeji yetu, karani wa posta, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 1983 yaliletwa kutoka kilima kimoja makreti ya mifupa ya mnyama mwenye shingo ndefu, ndugu wa mbali wa dinosaria, na humo kaka akakuta kifundo cha mguu kinachofanana na cha mamba, akakiandikia lebo ya mamba, akakiweka droo ya mamba, na wakubwa wakaiamini lebo hiyo. Tangu hapo, kila alipovuta droo asubuhi, alikikuta kimegeuka kuelekea kabati la mwenye shingo ndefu, akakirudisha, akidhani wenzake wanamtania. Sisi tulimcheka, Mungu atusamehe.

Mwaka 2011 kilima kilekile kilitoa mnyama mwingine wa aina ile, mifupa yote imeshikana ndani ya jiwe, mguuni ana kifundo kama cha mamba. Kaka akajua kwamba yeye ndiye aliyemkata mnyama wa kwanza mguu kwa kalamu, na akawa na ombi moja tu, akiunganishe kifundo kile cha droo na mguu wake kwa mkono wake mwenyewe, lakini ofisi zikampiga danadana, njoo kesho, njoo kesho, mpaka akastaafu.

Mapafu yalianza kumsumbua mwaka 2016, ni vumbi la mawe. Kibali na ufunguo wa kabati vilimfikia tarehe 3 Juni 2019, akiwa amelazwa, hawezi hata kukaa. Alifariki Ijumaa tarehe 14, saa nne asubuhi, vidole vyake vikisugua shuka taratibu, kama anayepangusa kitu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliokuwa nasi, na wafanyakazi wenzake, ambao juzi Jumanne niliwapelekea ufunguo ule, ulio mmoja tu, wamalizie kazi yake, tukafungua kabati pamoja, tukakuta kifundo kimeshaunganishwa, gundi ingali mbichi. Uliyefanya hivyo, familia inakushukuru, hata usipoinua mkono.

Kaka, mguu umeunga. Pumzika kwa amani.