Popote Asiposikia

Basi lilikuwa nusu tupu, kwa hiyo mkutubi hakuhitaji kutega sikio. Maneno ya wanawake wawili wa kiti cha mbele yalimfikia yenyewe, na kitabu chake kikabaki ukurasa ule ule. Wawili hao hawakujuana. Mdogo, fundi cherehani, alikuwa akienda mahakamani kukubali bintiye wa miaka tisa ahamie kwa baba yake.

"Mwanangu, utamtoaje mtoto kwa mkono wako mwenyewe?" mama mtu mzima alimuuliza. "Baba yake kakutisha?"

"Hapana, mama. Hakimu alimuuliza mtoto anataka kuishi wapi. Akasema, popote asiposikia mtu analia chooni."

Mama yule akamwambia, "Basi acha kulia, umlee."

"Tangu talaka najaribu. Nafungulia bomba ili asisikie. Kumbe anasikia."

"Na huko akikukosa, hatalia yeye?"

Basi likasimama mbele ya mahakama. Fundi alijifuta uso kwa kiganja, akashuka.

Mama mtu mzima akamgeukia mkutubi. "Umesikia, dada? Si anakosea huyu?"

Mkutubi, ambaye wanawe walikuwa kwa baba yao mwaka wa tatu sasa, alitazama dirishani, akamfuata fundi kwa macho hadi mlangoni pa mahakama.