Kibao cha "Sipo" cha Mama Musimbi

Brigid Musimbi anastaafu tarehe 30 Septemba mwaka huu, baada ya kuitumikia maktaba kuu ya chuo chetu hapa Kesses kwa miaka thelathini na mitatu. Alipoajiriwa, vitabu vilitafutwa kwa kadi zilizopangwa kwenye droo za mbao, na kazi yake ilikuwa kuzipangusa vumbi na kuzirudisha mahali pake. Anaondoka akiwa mkuu wa mafunzo ya wafanyakazi, cheo ambacho hakikuwepo mpaka yeye alipokidai, akakidai hadi wakubwa wakachoka kumkatalia.

Madai hayo yalianza na msiba. Miaka mingi iliyopita alikwenda Vihiga kumzika babake. Huku nyuma kompyuta zikagoma, na kwa kuwa ni yeye peke yake aliyezielewa, hatukuazimisha hata kitabu kimoja mpaka matanga yalipokwisha. Aliporudi tulimkimbilia mlangoni, tukamwambia kwamba bila yeye hatuwezi. Tulidhani tunamsifu. Alikasirika kutwa nzima. Kwake yeye, maktaba inayokwama kwa sababu mtu mmoja yuko matangani ni maktaba isiyofundishwa. Kidole kimoja hakivunji chawa, alituambia, na tangu siku hiyo akaanza kutufanya sisi vidole vingine.

Ndipo akaanzisha masomo ya Alhamisi asubuhi, kabla ya milango kufunguliwa. Kila mmoja aliwafundisha wenzake kazi yake. Wa kaunta walijifunza kuorodhesha vitabu vipya, waorodheshaji wakajifunza kumsaidia mwanafunzi kutafuta makala mtandaoni, na Gathogo wa chumba cha kujalidi akatufundisha sote kushona vitabu na kuvipaka gundi. Siku hiyo mkuu wa maktaba aliinama atazame kwa karibu, tai yake ikanasa kwenye mgongo wa tasnifu. Tasnifu ilikuwa ya uzamili, tai ilikuwa ya harusi yake. Iliyookolewa ni tasnifu.

Lakini kilichompa jina hasa ni kibao. Jumatano moja kila mwezi, Mama Musimbi aliweka mezani kibao kidogo kilichoandikwa SIPO, kisha akaketi nyuma yake na kikombe cha chai, akitutazama. Ukimuuliza swali, hajibu. Ukimsalimu, pia hajibu. Ilikubidi umuulize mwenzako. Wageni walidhani tumekosana naye. Ukweli ni kwamba kunyamaza kulimtesa yeye kuliko sisi, kwa maana Musimbi ni mtu wa maneno. Ndiyo sababu alifuma sweta, mikono ifanye kazi mdomo upate subira. Watoto wetu wengi wamekua wakijikinga baridi kwa sweta za Jumatano.

Mwaka huu wakubwa walimwomba abaki miaka miwili zaidi kwa mkataba. Walisema maktaba haiwezi bila yeye, maneno yaleyale ya zamani. Yeye alikuwa ameshanunua mbegu ya viazi kwa shamba lake la Ainabkoi. Alitamani kwenda, ila hakutaka kutuacha tukikwama. Akawaambia wangoje juma la kuwapokea wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Tukishindwa, atabaki.

Jumatatu ya juma hilo, foleni ikiwa imefika nje kwenye nyasi, mfumo wa kompyuta ukazimika. Sote tukageuka kumtazama. Kibao kilikuwa mezani, na sindano zake za kufumia zilikuwa mbioni. Basi Tabby, ambaye zamani aliwahi kuomba ahamishiwe idara yoyote isiyo na kompyuta, akavua koti akaenda kuufufua mfumo. Waorodheshaji wakashika kaunta. Gathogo akatoka na gundi vidoleni, akawagawa wanafunzi makundi na kuwatembeza kwenye rafu. Mimi nilibeba viti, kazi ninayoiweza. Kabla ya chakula cha mchana, foleni ilikuwa imekwisha.

Hapo Mama Musimbi akakilaza kibao kifudifudi, akatamka neno lake la kwanza tangu asubuhi: "Haya. Sasa mnaweza kuniacha niende." Alikuwa akicheka huku machozi yanamtoka. Mkono mmoja wa sweta aliyokuwa akifuma ulikuwa umefika sakafuni. Amekataa kuufumua, anasema ataivaa hivyohivyo shambani ili majirani waulize.

Mama Musimbi, asante kwa yote uliyotufundisha, na zaidi kwa yale uliyoyanyamazia. Tunakuombea mvua ya wakati wake, viazi vya kujaza magunia, na miaka mingi ya kuongea utakavyo, kila Jumatano. Kibao tumebaki nacho. Kuanzia Oktoba kitasema kweli kwa mara ya kwanza, na itatuuma. Lakini milango itafunguliwa saa mbili asubuhi, kama kawaida.

Phineas Mulongo, kwa niaba ya wafanyakazi wa maktaba