Mama Nyamvula Margaret, Mkunga wa Magogoni Aliyesimama Barazani

Padre, wazee wetu, mama zetu, na jamaa mliotoka Rabai na Changamwe: mama tunayemzika leo, Ijumaa tarehe 10 Septemba 1948, aliitwa Nyamvula, na kwa ubatizo Margaret. Familia imenituma niyasome maisha yake, mimi mkaza mwana wake, mke wa Gona.

Alizaliwa Rabai mwaka wa 1896. Siku yenyewe haikuandikwa. Mama yake alikuwa akisema ni wakati mahindi yamekauka shambani. Alibatizwa siku ya Pasaka, tarehe 12 Aprili 1903, na kwao husimuliwa kwamba maji yalipomgusa kichwani alimwuliza padre kama ndiyo yamekwisha au yako mengine.

Alisoma shule ya misheni hapo Rabai: kusoma, kuandika na kushona. Mwaka wa 1908 aliondolewa shuleni akae na mama yake aliyekuwa mja mzito. Mama huyo alifariki katika uzazi ule, na Nyamvula akabaki nyumbani kuwalea wadogo zake. Hakupenda kulizungumza. Lakini mtu akisema mbele yake kwamba fulani amekufa kwa uzazi, basi ndiyo kawaida ya wanawake, alikuwa akiinuka na kutoka nje.

Alifunga ndoa na Mzee Ngumbao tarehe 15 Agosti 1914. Mwaka wa 1921 Mzee alipata kazi ya kupakia mizigo Kilindini, wakahamia Magogoni. Hapo jirani yao alikuwa Bi Mwanatabu, mkunga wa Kiislamu, naye ndiye aliyemfundisha kazi. Waliingia nyumba za watu pamoja, mmoja akisema Bismillahi na mwingine akimwita Yesu, na mtoto akitoka hawakugombania ni nani aliyesikiwa. Bi Mwanatabu alikuwa akimsifu kwamba ana mikono ya pamba na ulimi wa sindano.

Nyote mwajua desturi ilivyokuwa. Mwanamke akishindwa kujifungua, hachukuliwi hospitali ng'ambo ya daraja la Nyali mpaka mumewe aseme ndiyo. Machi 1944 uchungu ulimshika Mapenzi, binti wa watu, mimba yake ya kwanza. Mumewe alikuwa ng'ambo na Keya, jeshi la Mwingereza, vitani. Mama alisema tangu mapema kwamba mtoto amekaa vibaya na hapa nyumbani hatatoka. Kaka wa mume, Mzee Lewa, ambaye yuko nasi hapa na ameridhia niseme, alikataa kwa hofu, si kwa ubaya. Alisema, "Mke si wangu. Akifa mkononi mwangu nitamwambia nini ndugu yangu?" Mapenzi mwenyewe alikuwa akiomba apelekwe, nao walio nje wakawa wanangoja neno la mtu aliye vitani, ambaye hata barua hazimfikii. Mzee Lewa alipolegea na kitanda kikainuliwa, jua lilikuwa limekwisha kugeuka. Alikufa kabla ya daraja, na mtoto tumboni.

Mama hakulia siku ile. Alikwenda kwa mzee wa mtaa, Mzee Mbwana, akaomba jambo hili liletwe barazani. Wakati huo neno la mwanamke barazani lilisemwa na mumewe, yeye akiwa amekaa nyuma. Basi Mzee Ngumbao akasimama, na kwa upole wake tunaoujua akasema mama watoto anaomba wazee, wakipata nafasi, walitazame jambo la waja wazito. Sauti ikatoka nyuma yake, taratibu:

"Baba Gona, sikukutuma hivyo."

Watu walicheka mpaka Mzee Ngumbao naye akacheka. Mzee Mbwana akasema, "Basi bibi, simama mwenyewe. Mumeo umemchosha."

Akasimama. Alisema, "Mwenye uchungu ana kinywa. Mwulizeni yeye kama aenda hospitali au abaki. Akisema aenda, mbebeni, mume atakuta habari akirudi."

Mzee mmoja akamtania kwamba leo wanawake waomba ruhusa ya hospitali, kesho wataomba ruhusa ya kupumzika kuzaa. Mama akamjibu, "Hiyo nayo tutaileta siku yake, mzee wangu. Leo tuna wanaokufa."

Hawakukubaliana siku hiyo. Mama alirudi baraza baada ya baraza, na kila mara wanawake waliokaa nyuma yake walizidi. Novemba mwaka ule, Mzee Lewa ndiye aliyesimama akasema yeye amekubali. Wazee wengine wakamfuata. Ikapitishwa kwamba neno la mwanamke mwenyewe, mkunga akiwa shahidi, latosha, na majirani hawana ruhusa ya kukataa kubeba kitanda.

Mwaka wa 1946 mimi nilipokuwa na uchungu na mume wangu yuko kazini, mama angeweza kuniamuru, maana mimi ni mke wa mwanawe. Aliinama sikioni pangu akaniuliza, "Waenda au wabaki, mwanangu?" Akangoja nijibu.

Mwanzoni mwa mwaka huu alipata uvimbe tumboni, akauficha kwa kujifunga leso, akaendelea kuzalisha. Juni alikwenda hospitali, akaambiwa amechelewa, akachagua kurudi nyumbani. Alifariki jana alfajiri, Mzee Ngumbao akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, Mzee Ngumbao, wanawe Gona, Ruwa na Pascalia, wajukuu saba, dada yake aliyeko Rabai, na Bi Mwanatabu, ambaye tangu jana hajala.

Mzee Mbwana alikwisha kutangulia mbele ya haki, na mzee wetu mpya wa mtaa, tunayemshukuru kwa kufika, amesema mapatano yale hayakuwa yake na yatazungumzwa upya Jumatano. Mama alilisikia hilo akiwa kitandani. Wiki yake ya mwisho kila mwanamke aliyekuja kumjulia hali aliulizwa kama Jumatano atakuwapo. Wote waliitika. Nimewahesabu kwa macho hapa, na wote wapo.

Lala salama, mama, mikononi mwa Mungu. Ya Jumatano tuachie sisi.