Nilichokiona Viganjani mwa Dada

Wenzangu, niwieni radhi nikisema nimekaa, miguu yangu bado haijarudi sawasawa. Na msinikatize kwa kahawa, maana leo nikinyamaza sitaanza tena.

Wengi wenu mlimjua dada yangu, tulikaa naye nyumba moja hapa Hail, Maskati. Alipata saratani ya utumbo, mumewe akampeleka kutibiwa nje. Alitiwa dawa mara moja tu. Akarudishwa hawezi hata kumeza mate, mdomo mzima vidonda, na hakukaa sana akafariki. Msibani watu wakasema dawa ile wenziwe wanaistahamili, yeye alikuwa mnyonge. Niliumia.

Mimi ndiye niliyemwosha. Ndugu zangu, nawaambia, ngozi ya viganja vyake ilikuwa ikibanduka mikononi mwangu. Na sisi waosha maiti tunaijua amana yetu: ulichokiona unakifukia naye. Mnanijua, mdomo wangu haunyamazi, lakini hilo hata mama yangu sikumwambia.

Miaka ikapita, ugonjwa ule ule ukanishika mimi. Siku ya kuanza dawa, daktari akaniuliza, "Mama, katika jamaa zako yupo aliyewahi kutiwa dawa hii?"

"Dada yangu, Allah amrehemu."

"Ilimfanyaje?"

Nikamuona dada juu ya kitanda cha kuoshea, na mimi nataka kumfunua mbele ya mwanamume wa kando. Nikaomba nipige simu, nikampigia bibi aliyetufunza kuosha maiti, nikamuuliza kama yafaa niseme.

Akaniambia, "Mwanangu, tunamsitiri maiti asifedheheke. Hapo pana fedheha gani? Nna hakika angelikuwa hai angelisema mwenyewe. Sema, upone."

Nikasema yote, huku nalia. Daktari akaiweka dawa kando, damu yangu ikapelekwa nje kupimwa, nami nikangoja kwa khofu kwamba ugonjwa unanila. Majibu yalipokuja akanieleza: wapo watu wamezaliwa na mwili usioweza kuivunja dawa ile, basi inajaa ndani mpaka inawaunguza. Mimi ni mmoja wao, na yaelekea dada yangu pia. Nikapewa dawa nyingine. Imenitesa, nywele hizi mnazoziona ni mpya, lakini nipo.

Nilidhani nitafurahi. Nililia kuliko siku ya msiba. Hakuwa mnyonge dada yangu, alikuwa akiungua, nasi tunamwambia avumilie.

Namshukuru daktari yule, aliuliza na akalisubiri jibu. Namshukuru bibi yetu, yule pale nyuma anajificha na buibui lake. Na nyinyi mlioniletea uji nikautapika, mkaleta tena. Tuendelee kuwasitiri maiti wetu, lakini daktari akiuliza, tumwambie.

Binti wa dada yangu kakaa hapa mbele. Jana nilimpeleka naye akapimwe damu, na garini nikamsimulia viganja vya mamake. Akaniuliza, "Mama mdogo, uliviosha polepole?"

Nikamwambia, "Polepole sana, mwanangu."