Bushi za Zigizaga

Ubao wa kukalia ulioegemea ukuta wa duka, mkabala na pampu ya mafuta, haukuwekwa pale kwa ajili ya maneno, lakini asubuhi za Aprili, jua likiwaka na theluji ikiwa bado ngumu, wenyewe hawakosi. Kuna mzee Heaika, jina la kijiwe Redio, kwa kuwa hana kitufe cha kuzimia. Kuna Ántaras, aliyesoma ufundi mjini muhula mmoja akarudi Profesa. Na kuna Jovnna, ambaye tangu juzi anaitwa Zigizaga, na jina hilo linamuuma. Kesho ukoo wa mkewe unahamisha kulungu wa theluji kwenda malisho ya pwani, na kwa mara ya kwanza tangu aoe, mama mkwe amemwambia aongoze yeye. Anayeongoza hutangulia na pikipiki ya theluji, dume mtulivu kafungwa kamba nyuma yake, na kundi lote hufuata. Juzi walijaribu juu ya ziwa. Skii za mbele, zinazoielekeza pikipiki, zilikuwa zinacheza kama meno ya bibi, pikipiki ikayumba, kundi likayumba nayo, na njia yao iliyopinda bado iko pale ziwani kila apitaye aione. Mama mkwe alisema neno moja tu: zisipotulia, ataongoza mwanawe Máhtte, na mkwe atakuja nyuma na masufuria.

Redio alimimina kahawa, akatumbukiza vipande vya jibini, kama ilivyo desturi yao.

— Kunywa, Zigizaga. Mwenda pole hajikwai.

— Mimi siendi pole wala mbio, mzee. Naenda upande.

Profesa akainama kuitazama pikipiki ya Jovnna pale kwenye pampu, bila kuinuka.

— Vile vyuma vya chini ya skii umebadilisha?

— Vipya.

— Bolti?

— Nimekaza mpaka spana ikalia.

— Basi bushi, kile kipete kati ya bolti na tundu. Bolti bila bushi ni mguu wa mtoto kwenye kiatu cha baba.

— Bushi naweka kila jioni, Jovnna alisema kwa sauti ya chini. Asubuhi hazipo.

Redio alimgeukia.

— Hazipo vipi?

— Zimetoweka. Duka limeishiwa za plastiki, nikakata ngozi kavu ya kulungu, nikaizungushia bolti, nikaipaka mafuta ya uboho. Babu yangu alifunga sleji nzima kwa ngozi, mkumbuke. Jioni skii haichezi hata kidogo. Asubuhi naitikisa, kacha kacha. Mara mbili sasa. Nyingine nimeweka leo kabla ya kuja.

— Hiyo fizikia, Profesa alisema. Usiku baridi inabana chuma, chuma kinameza ngozi.

— Kinaipeleka wapi?

— Ndani. Ukiipima hiyo skii utaikuta imenenepa.

— Ndiyo maana walikurudisha, Redio alisema. Hao ni watu wa chini ya ardhi, wale wasioonekana. Kaegesha juu ya nyumba yao, mafuta yanawadondokea chunguni, nao wanasema, jirani mwema huyu, kila jioni analeta mchuzi na nyama juu. Samaki mkunje angali mbichi.

— Samaki kaingiaje hapo, mzee?

— Kaingia mwenyewe. Wamwagie kahawa, waombe radhi, hamisha pikipiki.

— Watu wa chini bushi za nini? Profesa aliuliza.

— Za pikipiki zao.

— Chini ya ardhi kuna theluji?

— Wewe uliwahi kushuka?

Jovnna alicheka mpaka kahawa ikamtokea puani. Raha ilimjaa, akasahau kesho kwa muda. Kisha akaikumbuka, na hasira ikapanda pale pale kilipokuwa kicheko.

— Sikilizeni. Skii zangu zikicheza, nani anaongoza?

— Máhtte, wote wawili walisema.

— Basi mwizi huyo.

— Kikulacho ki nguoni mwako, Redio alisema, na macho yakamng'aa kwa furaha. Namwona kabisa. Kajifunika shuka jeupe, anatambaa kwa tumbo.

— Ila nyayo za mtu sikuziona, Jovnna alikiri. Nimeona za mbwa tu.

— Amevaa viatu vya mbwa, Profesa alisema papo hapo. Mtu mwenye nia hiyo anachonga soli mwenyewe. Viwili vya miguu, viwili vya mikono.

Jovnna aliweka kikombe chini, akasimama.

— Naenda kwa mama mkwe sasa hivi. Namwambia mbele ya watu wote, mwanao ni mwizi.

Alikuwa hajamaliza kufunga koti pale pikipiki nyingine ilipozima injini nyuma ya pampu. Akatokea Máhtte mwenyewe, mfuko mkononi, akawapita watatu hao kwa macho, akatazama chini ya pikipiki ya Jovnna.

— Shemeji, hivi huyu mbwa wako humlishi?

Wakageuka. Muste, mbwa wa Jovnna aliyemfuata kutoka nyumbani, alikuwa amelala chini ya skii ya kushoto, kichwa upande, macho kayafumba, anatafuna kwa utulivu wa mgeni aliyekaribishwa. Kipande cha ngozi kilikuwa kinaning'inia mdomoni.

— Shika, Máhtte alisema, akampa mfuko. Bushi za plastiki, nimezifuata kwa binamu yangu ng'ambo ya mto. Zifunge leo. Mimi kuongoza sitaki, mama hunipigia kelele kila kona. Nenda mbele wewe, shemeji yangu, mimi nitakuja na masufuria yangu kwa amani.

Kisha akaketi katikati ya ubao, akachukua kikombe cha Jovnna, akanywa.

— Nilivyokuwa nazima injini nimesikia mtu anaitwa mwizi. Nani huyo?

Profesa alitazama pampu. Redio aliinamisha chupa ya kahawa, ikatoa tone moja. Jovnna alienda na mfuko wake mpaka kwenye pikipiki, akalala chali juu ya theluji kando ya mbwa, akaanza kufungua bolti, na akakaa chini ya skii ile muda mrefu kuliko kazi yenyewe ilivyohitaji.